Rafu imeanguka na rangi ya mwenye nyumba

Shikamoo Shangazi,

Nimekuwa nikisoma ushauri wako kimyakimya, leo yamenifika na mimi.

Tumepanga nyumba ndogo: mimi, mume wangu, mtoto wetu wa miaka 3 na wifi yangu anayesoma. Bafu ni moja na choo kimo humohumo. Nimelipima kwa futi ya kushonea, upana ni mita 1 na nusu, urefu mita 2 na kidogo. Mwenye nyumba hakuacha humo hata msumari mmoja. Hakuna kabati, hakuna rafu, hakuna pa kutundika taulo. Kuna choo cha kukalia chenye tangi nyuma, sinki la mguu mmoja, bomba la mvua na mlango. Basi.

Kwa hiyo kila kitu kiko chini. Ukiingia kuoga unaanza kwa kuhamisha chupa, ukimaliza unazirudisha zikiwa na uteute chini. Sabuni ya unga inakaa juu ya kifuniko cha tangi la choo. Miswaki iko kwenye glasi pembeni mwa sinki, na wiki iliyopita glasi ilipigwa kiwiko, mswaki wa wifi ukaingia chooni. Tulicheka, ila yeye hakucheka.

Mkataba wetu unasema mpangaji asitoboe wala kupigilia kitu ukutani bila idhini ya maandishi. Na pesa ya dhamana tuliyoacha si ya kuchezea.

Nikaona nimepata ujanja: nikanunua rafu ya plastiki ya kubandika, ile yenye gundi nyuma. Vigae vyetu vinaishia usawa wa kifua, juu yake ni rangi. Nikasema vigae vinateleza, nikaibandika juu kwenye rangi, ambako hata mtoto hafiki. Ikakaa siku 9. Siku ya 10, saa 8 usiku, kishindo. Mume wangu alichukua ufagio akijua ni mwizi. Tukakuta rafu sakafuni, chupa 4 zimetawanyika, moja imepasuka, na ukutani pamebanduka rangi ukubwa wa viganja viwili. Plasta iko wazi.

Sasa mume wangu anasema kaka yake ana drili. Tutoboe matundu 4, tuweke kabati la maana, siku ya kuhama tunaziba matundu kwa dawa ya meno, nani atajua? Mimi sitaki, lakini sina jibu lingine la kumpa. Nifanye nini na bafu hili? Na lile doa je?

Mimi,
Mpangaji Asiyelala

*

Marahaba mwanangu. Pole na kishindo, na mpe wifi pole ya mswaki.

Kabla hujaitupa ile rafu, igeuze uangalie mgongo wake. Bila shaka utakuta ngozi ya rangi imeng'ang'ania gundi, labda na unga mweupe wa plasta nyuma yake. Maana yake gundi haikuachia hata kidogo. Iliishika rangi, na rangi ndiyo iliyoachia ukuta. Hapo ndipo wapangaji wengi wanapokosea: tunanunua gundi kali zaidi, halafu inabandua eneo kubwa zaidi. Rangi ya bafuni hulowa kwa mvuke kila siku, hukauka, hulowa tena, na kama fundi aliipaka juu ya vumbi, inasubiri tu sababu ya kuanguka. Wewe ukaipa sababu ya kilo tatu hivi.

Tena kilo zenyewe hazikuwa zikivuta chini tu. Rafu ikitokeza sentimita 12 na chupa zikakaa ukingoni, uzito unaivuta sehemu ya juu ya rafu itoke ukutani, kama unavyobandua stempu kwa kuanzia pembeni. Ikishaanza kubanduka juu, iliyobaki ni suala la saa. Yako ilichagua saa 8 usiku.

Vigae ulivyoviogopa kwa kuteleza ndivyo vilivyokuwa mahali pake. Gundi hupenda palaini, pasiponyonya maji, pasipo na vumbi. Lakini tusikimbilie huko bado, maana ukuta kwangu ndio wa mwisho kufikiriwa. Uzito upeleke sakafuni kwanza, kisha mlangoni, na ukutani uache vitu ambavyo hata vikianguka mtoto amesimama chini yake hakuna atakayelia.

Siku ya kwanza usinunue kitu. Toa kila kilichomo bafuni, kipange juu ya mkeka sebuleni. Naapa utakuta chupa mbili za kitu kilekile, zote zimebaki kidogo. Sabuni ya unga iende inakofuliwa nguo. Akiba ya sabuni, karatasi na dawa ya meno ikae chumbani. Bafuni iingie inayotumika tu. Na dawa za hospitali, kama zimo, zitoke leo hii. Joto na unyevu huziharibu, na mtoto wa miaka 3 hajui tofauti ya kidonge na peremende. Ukimaliza, pima uzito wa vilivyobaki. Kanuni ya haraka ni kwamba chupa iliyojaa ya lita 1 ni kama kilo 1, ya mililita 400 ni kama nusu kilo. Utaielewa ile rafu kwa nini ilichoka.

Sasa sakafu. Wengi wangekwambia nunua stendi ndefu ile inayopanda choo kwa miguu minne, rafu zake zikiwa juu ya tangi. Ni kitu kizuri, na nyumba isiyo na mtoto mdogo ningekushauri bila kusita. Lakini iangalie vizuri: chini ni miguu mitupu kwa sababu ya choo, mzigo wote uko juu. Kwa kawaida hufungwa ukutani kwa skrubu ndiyo isiyumbe, na skrubu ndizo tulizokatazwa. Mtoto wa miaka 3 akikanyaga kifuniko cha choo akadaka rafu ya pili ili apande, stendi inamfuata. Kwako nasema hapana mpaka akue, au mpaka mwenye nyumba akubali skrubu mbili.

Badala yake nataka uende na ile futi yako ukapime nafasi kati ya sinki na ukuta, na kati ya choo na ukuta. Ipime mara tatu: chini kabisa, katikati na usawa wa sinki, maana kigae cha chini mara nyingi hutokeza na kula sentimita nzima. Ukipata hata sentimita 20, hapo panaingia kitoroli chembamba cha magurudumu, chenye ghorofa tatu au nne, upana wa sentimita 17 au 18. Usinunue kinachojaza nafasi yote. Unahitaji kukivuta unaposafisha. Chupa nzito zikae ghorofa ya chini, nyepesi juu, na hivyo hata akikivuta hakipinduki kirahisi. Magurudumu yawe na breki walau mawili, kwa sababu sakafu ya bafu huelekea kwenye tundu la maji na kitoroli kisichofungwa kitaelekea huko pia. Vya kusafishia choo visikae humo hata ghorofa ya juu. Mwenye miaka 3 anafika.

Kuhusu malighafi: chuma cha kupakwa rangi huota kutu pale kwenye maungio, kisha kutu inaacha duara la kahawia kwenye kigae, na duara hilo litakugharimu kama tundu. Plastiki ngumu, alumini au chuma kisichoshika kutu ndivyo vya bafuni. Mianzi inapendeza kwenye picha. Bafu lenye dirisha dogo litaiotesha ukungu.

Mlango. Huu ndio ukuta wako wa bure, mwanangu. Kulabu za kuvikwa juu ya mlango hazihitaji tundu wala gundi, na zinabeba taulo za watu wanne. Jambo moja tu la kupima: uwazi kati ya mlango na fremu ya juu. Kunja karatasi, ifungie mlango juu yake. Ongeza mikunjo mpaka mlango ukatae. Karatasi za kawaida 10 zikikaa pamoja ni unene wa milimita 1 hivi. Kama bati la kulabu ni nene kuliko uwazi huo, litakwangua fremu kila unapofunga, na hilo nalo ni la mwenye nyumba. Gundisha kipande cha kitambaa kizito ndani ya kulabu pale panapogusa mlango. Ukitaka, tundika hapohapo mfuko mrefu wa kitambaa wenye vijumba: kitana, nyembe juu kabisa, pamba, mafuta ya nywele. Fungua mlango kwanza uone kama mfuko ukijaa hautagonga sinki.

Pale unapooga, kama kuna kuta mbili zinazotazamana kwa karibu na zote zina vigae, kuna fimbo yenye springi ndani, ile ambayo watu hutundikia pazia. Unaizungusha inarefuka mpaka inajibana yenyewe. Itundikie vikapu vidogo vya wavu kwa kulabu za herufi S, maji yanachuruzika, chupa haziwi na uteute. Safisha vigae na mpira wa ncha zote mbili kabla ya kuikaza, ilale sawasawa, na wiki ya kwanza ikaze kila siku kwa sababu mpira hujikandamiza na kulegea. Usiiegemeze kwenye kioo, na usiibebeshe zaidi ya chupa mbili tatu ndogo. Zipo pia nguzo za namna hiyo zinazosimama kutoka sakafuni hadi dari. Kama dari yako ni zege, sawa. Kama ni ubao wa jasi, nguzo itaibonyeza, na utakuwa umehamisha tatizo kutoka ukutani kwenda darini.

Usitundike kikapu cha chupa kwenye shingo ya bomba la mvua, najua umeshaiwaza. Shingo ile imeingia ukutani kwa uzi wa skrubu, na ikiyumbishwa kila siku inaweza kulegea ndani. Maji yakianza kupita nyuma ya vigae hutayaona mpaka ukuta wa chumba cha pili uanze kuvimba.

Sasa ndiyo tuje ukutani, kwenye vigae tu.

Kuna vile vishikio vya duara la mpira vinavyojinasa kwenye kigae kwa kutolewa hewa. Watu huvidharau kwa sababu hawajui vinafanyaje kazi. Havina gundi, ni hewa ya nje inayovikandamiza, na hewa hukandamiza kila sentimita ya mraba kwa nguvu karibu na uzito wa kilo 1. Duara la mpira la sentimita 6 lina kama sentimita za mraba 28, kwa hiyo ukilivuta kwako moja kwa moja linashindana kweli. Lakini mzigo wetu unalivuta kuelekea chini, ambako kinacholizuia ni msuguano, na hewa nayo hupenya polepole. Likikaa juu ya ule mstari wa saruji kati ya kigae na kigae, halimalizi usiku. Kwa hiyo liweke katikati ya kigae kimoja kilaini, lichovye kwanza kwenye maji ya moto lilainike, futa vyote viwili, kandamiza, na kila wiki mbili litoe ulirudishe. Lipe kazi ya sifongo, mswaki wa wifi, dodoki. Chupa hapana.

Gundi ni ya vitu vya kati, kama kishikio cha miswaki au sahani ya sabuni. Futa kigae kwa spiriti, si kwa sabuni, kwa sababu sabuni huacha utando ambao gundi inaushika badala ya kigae. Acha kikauke kabisa. Kandamiza sekunde 30 bila kuondoa mkono, kisha kiache kitupu saa 24, na siku hiyo watu waogee ndoo kwa utulivu bila kujaza mvuke. Fanya kazi hiyo usiku mkiwa mmeshaoga, itawaudhi kidogo. Uzito ulioandikwa kwenye pakiti uugawe kwa mbili, maana aliyeuandika hakuupima bafuni kwako.

Na kabla hujabandika, jua utakavyobandua. Kama ni ile mikanda yenye ulimi unaochungulia chini, siku ya kuhama unaushika ulimi na kuuvuta taratibu kuelekea chini, sambamba na ukuta, urefuke kama ubani wa kutafuna mpaka uachie wenyewe. Ukiuvuta kuja kwako umeharibu. Kama ni gundi nene ya sifongo isiyo na ulimi, ipashe joto kwa mashine ya kukaushia nywele, waya ukiwa umechomekwa nje ya bafu na sakafu ikiwa kavu, kisha pitisha uzi wa kusafishia meno nyuma yake, uusogeze kushoto kulia kama msumeno. Mabaki yanatoka kwa mafuta na kidole gumba. Nimewahi kubandua kishikio cha miaka 4 kwa njia hiyo na kigae kikabaki kinang'aa. Kilichouma ni kidole.

Sasa mumeo na drili ya kaka yake. Mwambie simkatalii kwa sababu ya mkataba peke yake. Nyuma ya vigae vile kuna bomba za maji, na pengine waya wa hita, na hakuna aliyekuonyesha vinapita wapi. Kigae kikipasuka, mwenye nyumba atatafuta cha rangi ileile na hatakipata, na bei ya ukuta mzima itaandikwa jina lenu. Dawa ya meno nayo hunywea ikikauka, inaacha kishimo, na maji yakiigusa inalainika tena. Mwenye nyumba aliyewahi kupangisha mara mbili anaijua hata kwa harufu. Kama kabati analitaka sana, aombe: "Tunaomba kuweka kabati la bafuni kwa skrubu 4, fundi tutamlipa sisi, na tukihama tutaliacha." Wengi hukubali wakisikia neno la mwisho. Jibu liwe la maandishi, hata kama ni ujumbe wa simu, ulihifadhi.

Doa. Usilifiche, na usilipake juujuu. Lipige picha leo, umwambie mwenye nyumba kabla hajalikuta, na umwambie kwamba utalirekebisha. Akiridhia, kwangua kingo zilizolegea mpaka ufike rangi iliyoshika vizuri, jaza pati nyembamba, acha ikauke, sugua kwa msasa, paka rangi ya kwanza ya kuzuia unyevu, ndipo rangi yenyewe. Kama nyumba ni ya zamani sana usisugue kavu, kwa sababu rangi za zamani zinaweza kuwa na madini ya risasi. Hapo mwachie fundi anayejua, na mtoto asikaribie vumbi. Wala usipake doa peke yake, litaonekana kama kiraka hata ukipatia rangi. Paka uso wote wa ukuta huo, kona hadi kona, kuanzia mwisho wa vigae hadi dari. Ni mita chache tu.

Ndiyo maana nilikwambia usiitupe rafu. Ile ngozi ya rangi iliyoganda mgongoni mwake, ikate kipande kisichofifia, uende nacho dukani wakulinganishie. Ukiibandua kwa uangalifu itatosha.